Kanali Patterson na Simba wa Tsavo

Jumamosi moja ya muhula uliopita, baada ya chakula cha jioni, tulionyeshwa sinema katika ukumbi wa kulia. Picha yenyewe ilikuwa The Ghost and the Darkness, maana yake Mzuka na Giza, iliyotengenezwa na Wamarekani mwaka 1996, nayo yahusu simba wawili waliokula watu huko Tsavo, katika nchi ya Kenya, wakati reli ilipokuwa ikijengwa. Umeme haukukatika hata mara moja, jambo la kushukuru. Lakini tuliporudi bwenini hapakulalika. Kundi moja lilishika kwamba shujaa wa kisa kile ni Remington, yule mwindaji wa Kimarekani mwenye nywele ndefu. Kundi la pili likashika kwamba ni Patterson, mjenzi wa daraja. Wachache, nami nikiwa mmoja wao, tulisema kwamba simba wenyewe ndio waliotupendeza kuliko watu wote. Kiranja alizima taa, na mabishano yakaendelea gizani.

Mwalimu wetu wa historia alipopata habari za usiku ule alicheka, akanipa nakala ya kitabu alichokiandika Patterson mwenyewe, akaniagiza nikisome chote kisha niwaandikie wasomaji wa gazeti letu habari za maisha ya mtu huyo. Nilikisoma kwa majuma mawili, kamusi ikiwa pembeni. Na jambo la kwanza nililolitafuta, ili nikawanyamazishe wenzangu, ni jina la Remington. Halimo. Mtu huyo hakuwapo duniani kamwe. Alibuniwa na William Goldman, mwandishi wa mchezo ule wa sinema. Basi kundi la kwanza likawa limeshindwa, na ukweli ni kwamba lilinichukia kwa siku kadhaa.

John Henry Patterson alizaliwa tarehe 10 Novemba 1867 mahali paitwapo Forgney, katika jimbo la Longford, nchini Ireland. Alipokuwa na umri wa miaka 17, yaani umri wangu mimi ninayeandika, alijiunga na jeshi la Uingereza. Alitumikia Bara Hindi, na huko akajifunza kusema Kihindustani, lugha iliyomfaa sana baadaye. Alimwoa Frances Gray, mmoja wa wanawake wa kwanza katika visiwa vile kupata digrii ya sheria. Katika sinema bibi huyo hana kazi ila kungoja nyumbani na kuota ndoto mbaya, na wasichana wa darasa letu waliposikia habari za digrii hiyo walinitaka niiandike. Nimeiandika.

Wakati huo Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwani Nyanza, ziwa lile lile ambamo mto wetu wa Simiyu humwaga maji yake. Kazi ilianza mwaka 1896, na reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na kati yao karibu 2,500 walikufa kwa maradhi, ajali na taabu nyinginezo. Nataja hesabu hii mapema kwa sababu mtu akitazama sinema aweza kudhani kwamba simba ndio walioua wengi kuliko kitu chochote. Sivyo hata kidogo. Homa na kuhara viliua zaidi, lakini nani atalipa kiingilio kwenda kutazama sinema ya kuhara?

Patterson alifika Tsavo mwezi Machi 1898, akiwa na umri wa miaka 30. Kazi aliyopewa ni kujenga daraja la kudumu juu ya mto Tsavo, kilomita zipatazo 210 kutoka Mombasa. Kabla hajakaa vizuri watu wawili walipotea usiku. Hakuamini habari za simba. Alidhani kwamba watu hao wameuawa na wenzao kwa ajili ya fedha zao. Majuma machache hayakupita ila jemadari mmoja wa Kisingasinga, Ungan Singh, mtu mwenye nguvu nyingi, akakamatwa kooni akiwa amelala hemani pamoja na wenzake, akaburutwa nje. Asubuhi Patterson alifuata alama za kuburutwa mpaka mahali simba walipomlia, na alichokiona huko amekieleza kitabuni waziwazi. Mimi sitakieleza, kwa sababu gazeti hili husomwa na wadogo wa kidato cha kwanza ambao hulala karibu na mlango.

Tangu usiku huo Patterson alikesha juu ya mti na bunduki yake. Lakini kambi za wafanyakazi zilikuwa zimetawanyika kilomita nyingi kando ya reli. Yeye akikesha huku, kilio husikika kule. Wafanyakazi walizungushia kambi zao maboma ya miiba, marefu na mazito, wakawasha mioto usiku kucha. Simba walipenya. Yeyote aliyeona mazizi ya ng'ombe katika vijiji vyetu vinavyopakana na Pori la Akiba la Maswa atafahamu boma la namna gani linasemwa hapa, na atafahamu pia kwamba mnyama mwenye njaa halihesabu boma hilo kuwa ukuta. Hospitali nayo iliingiliwa. Ilipohamishwa mahali pengine ikazungushiwa boma jipya, simba waliingia huko pia usiku uleule, wakamchukua mchota maji.

Wafanyakazi wakaanza kusema kwamba hao si simba. Walisema ni roho za watawala wa zamani wa nchi ile, waliochukizwa na reli kupita katika ardhi yao, na kwamba risasi haiwezi kuwadhuru. Hapo ndipo watengenezaji wa sinema walipopata jina la picha yao.

Napenda kukaa kidogo juu ya makosa ya Patterson, maana ndiyo yaliyonifanya nikipende kitabu kuliko sinema. Alitengeneza mtego mkubwa wa mbao na vyuma vya reli, wenye vyumba viwili: cha mbele kwa ajili ya simba, na cha nyuma kwa ajili ya watu, walio chambo, na katikati yao vyuma. Kila mtu alimcheka. Usiku mmoja askari wawili wenye bunduki waliwekwa humo, na kweli simba akaingia, mlango ukamwangukia. Askari waliingiwa na hofu kubwa, wakasahau bunduki zao kwa muda. Hatimaye walipoanza kufyatua walifyatua kila upande, na kwa risasi zote zile simba alipata mkwaruzo tu. Risasi moja ilivunja chuma cha mlango, na mnyama akatoka akaenda zake. Patterson anasimulia haya bila kujificha. Asubuhi nyingine alikutana na simba karibu kabisa, akalenga kwa bunduki kubwa aliyobadilishana na rafiki yake kwa kuamini kwamba ni bora kuliko ya kwake, nayo ikagoma kulia. Alipigwa na bumbuazi hata akasahau kwamba mtutu wa pili una risasi.

Tarehe 1 Desemba 1898 wafanyakazi walimjia wote pamoja, wakamwambia kwamba wao walikuja kufanya kazi ya serikali, hawakuja kuwa chakula cha simba. Gari la moshi la kwenda pwani lilipokaribia, mamia walijitupa juu ya reli mbele yake ili lisimame, wakapanda, wakaondoka. Kazi ikasimama kwa muda wa majuma matatu. Waliobaki walilala juu ya matangi ya maji, juu ya paa na juu ya miti. Usiku mmoja watu walizidi juu ya mti mmoja hata mti ukaanguka, ukawamwaga karibu na simba; bahati yao ni kwamba simba walikuwa tayari wanakula mtu mwingine, hawakugeuka hata kuwatazama. Hadithi hii niliposoma kwa sauti bwenini watu walicheka, kisha kicheko kikakatika ghafula.

Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba. Patterson alijenga dungu dogo la miti minne, mfano wa lile ambalo watoto hukalia shambani kufukuza ndege, akafunga chini yake mzoga wa punda. Simba alikuja gizani, lakini hakumtaka punda. Kwa muda wa saa mbili alilizunguka dungu akimvizia mtu aliye juu. Katikati ya ukimya huo kitu kikampiga Patterson kisogoni. Nusura aanguke kwa hofu. Alikuwa bundi, aliyedhani kichwa cha mtu ni tawi. Sijui kama Waireland humwogopa bundi. Huku kwetu akitua juu ya paa la bweni, bweni lote huhamia ukumbini. Lakini Patterson alikaa, akangoja, na simba alipokaribia akampiga. Asubuhi watu wanane walihitajika kumbeba. Alikuwa na urefu upatao mita 2.95 kutoka puani hadi ncha ya mkia.

Wa pili aliuawa tarehe 29 Desemba, baada ya kupigwa risasi nyingi. Siku hiyo alimrukia Patterson akiwa amejeruhiwa. Patterson alinyoosha mkono nyuma apewe bunduki ya pili na mchukuzi wake, Mahina. Mkono ukashika hewa. Mahina alikuwa amekwisha kupanda mtini, na bunduki pia. Ikabidi bwana naye apande mti uleule, na hakuna lililomwokoa ila kwamba risasi ya awali ilikuwa imemvunja simba mguu wa nyuma. Alimalizwa kutoka mtini, au hivyo walivyodhani. Maana Patterson aliposhuka, mnyama aliinuka tena akamjia, akapigwa mara mbili zaidi, akafa akiuma tawi lililoanguka chini.

Wafanyakazi walirudi, na daraja likakamilika mwezi Februari 1899. Walewale ambao miezi michache nyuma baadhi yao walikuwa wamefanya njama ya kumwua, kwa kuwa alipunguza ujira wa waashi waliojifanya mafundi, walimpa bakuli la fedha lenye maandishi ya shukrani. Alilithamini maisha yake yote.

Kitabu chake kilitolewa London mwaka 1907, kikasomwa sana, hata na Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani. Katika mwaka huohuo aliwekwa kuwa mlinzi mkuu wa wanyama katika nchi hiyo hiyo ya Kenya. Kazi hiyo haikudumu. Mwaka 1908, katika safari aliyoiongoza, bwana mmoja Mwingereza aliyekuwa pamoja na mkewe alikufa kwa risasi hemani, na maneno mengi yakasemwa juu ya Patterson na mjane yule. Hakushtakiwa, ila aliondoka mwaka 1909. Inasemekana kwamba kisa hicho ndicho kilichompa Ernest Hemingway hadithi yake fupi juu ya Macomber, ambayo nayo ilitengenezewa sinema mwaka 1947. Kwa hiyo mtu huyu mmoja aliwapa watu wa sinema visa viwili, cha fahari na cha aibu.

Katika Vita Kuu ya Kwanza aliongoza kikosi cha Wayahudi huko Gallipoli mwaka 1915, kilichopeleka maji na risasi mstari wa mbele kwa nyumbu, na baadaye akaongoza kikosi kingine cha Wayahudi huko Palestina. Aliwatetea askari wake mbele ya wakubwa wake mwenyewe, na wengi wanaona kwamba hiyo ndiyo sababu hakupandishwa cheo zaidi. Familia moja ya marafiki zake, Netanyahu, ilimwita mtoto wao Yonatan kwa heshima yake. Yonatan huyo alipokua aliuawa Entebbe, nchini Uganda, Julai 1976, katika ule uvamizi wa uwanja wa ndege. Patterson mwenyewe alikufa California tarehe 18 Juni 1947, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka 2014 majivu yake na ya mkewe yalihamishiwa Israeli.

Sasa nirudi kwa sinema. Patterson hakuishi kuiona hata moja juu ya simba wake. Ya kwanza, Bwana Devil, ilitolewa mwaka 1952, nayo ilikuwa sinema ndefu ya kwanza ya rangi nchini Marekani ya kutazamwa kwa miwani maalumu, ili simba aonekane kana kwamba anamrukia mtazamaji kutoka kwenye pazia. Shujaa wake si Patterson, bali amepewa jina jingine. Ya mwaka 1996, tuliyoiona sisi, ilipigwa Afrika ya Kusini na kupata tuzo ya Oscar kwa ufundi wa sauti, na aliyekuwapo ukumbini atakubali kwamba ngurumo zile zilistahili. Simba wake wana manyoya marefu shingoni. Simba wa kweli wa Tsavo, ingawa walikuwa madume, hawakuwa nayo.

Nilikuwa tayari kutoa hukumu kwamba kitabu ni kweli na sinema ni uongo, tukamaliza. Ndipo rafiki yangu mmoja, mtetezi mkubwa wa sinema hiyo, akaniuliza kuhusu Samuel. Katika sinema Samuel ni Mwafrika anayesimulia kisa chote tangu mwanzo hata mwisho, naye anachezwa na John Kani wa Afrika ya Kusini. Kitabuni hayumo. Rafiki yangu akaniambia nimtafutie Mwafrika mmoja aliyeliwa, aliyetajwa kwa jina katika orodha ya waliokufa. Nilitafuta. Patterson anasema Wahindi walioliwa ni 28, na Waafrika ni makumi kadhaa, ambao hakuna hesabu yao rasmi iliyowekwa. Basi, ni hayo tu. Sikuwa na jibu.

Tena hesabu yenyewe haikutulia. Kadiri miaka ilivyopita Patterson aliiongeza, na katika kijitabu cha mwaka 1925 walioliwa wamekuwa 135. Patterson aliwauzia Field Museum, makumbusho ya mjini Chicago, ngozi na mafuvu ya simba wale kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimekanyagwa nyumbani kwake kama mazulia kwa robo karne, na zilipotengenezwa kuwa simba wa kusimama zilitoa wanyama wadogo kuliko walivyokuwa. Wapo huko mpaka leo. Mwaka 2009 wataalamu walipima mifupa na manyoya yao, wakakadiria kwamba mmoja alikula watu wapatao 24 na mwenzake 11, jumla 35, wakisema kwamba hesabu ya kweli yaweza kuwa ndogo zaidi au kufika 72. Aliyekula wengi alikuwa na ugonjwa mkubwa wa jino. Sababu nyingine ilikuwa sotoka, ile ile iliyowamaliza ng'ombe wa Usukuma katika miaka ya 1890, na iliyowaua nyati huko Tsavo pia. Na sababu nyingine ni kwamba njia ya misafara ilipita hapo tangu zamani, na waliokufa njiani hawakuzikwa.

Mwaka 2024 wataalamu wengine walichunguza nywele zilizokwama ndani ya meno yaliyovunjika ya simba hao. Walipata za twiga, choroa, kuro, nyumbu na punda milia. Walipata na za binadamu. Hizo za binadamu hawakuendelea kuzichunguza, kwa kuwa yawezekana jamaa za marehemu wapo hai, nao walitaka kwanza kuzungumza na watu wa huko.

Wakati wa likizo nilimsimulia bibi yangu kisa hiki chote, tukiwa jikoni. Wasukuma wote wanajua hadithi ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wa nchi nzima, mpaka kijana Masala Kulangwa alipoliua na kulipasua tumbo, watu wote wakatoka wakiwa hai. Bibi alisikiliza kwa makini habari za mtego, akacheka juu ya Mahina, na nilipofika kwenye kifo cha simba wa pili akawa ananitazama bila kusema neno, akingoja. Nikafahamu kwamba anangojea watu watoke. Nikamweleza habari za nywele zilizokuwa katika meno. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niingize kuni ndani, mvua inakuja.